Sungura Aliyepima Msongo Kalenga

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Ndaga fijo, nashukuru, ila nimejiuliza sana: mtu aliyestaafu anawahi wapi? Nimeitundika sebuleni, na kila nikijinyoosha mchana inaniangalia kama bosi. Sasa mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini kabla sijaanza kusahau, na mimi nimekubali kwa sababu moja tu. Ile hadithi ya sungura wa Kalenga mnaisimulia vibaya. Juzi nimemsikia kijana wa mapokezi akimwambia mwenzake eti tulikwenda kule na sungura mzima ndani ya kikapu. Hapana! Hatukwenda na sungura. Kaeni niwaeleze tangu mwanzo. Vyeo na mishahara naviruka, havina utamu.

Nilianza kazi Mbeya, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mwenye cheti kipya na viatu vya dada yangu vilivyobana. Nikapelekwa kwa mkuu wa maabara, Mwalimu Athumani. Hakuwa mwalimu wa chochote. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo mbele yake akabaki bila kusahihishwa. Babu yake alikuja Mbeya na biashara ya vitambaa akitokea pwani, akaoa, akazikwa hukohuko. Mjukuu alizaliwa Mbeya, akakulia Mbeya, lakini ukimsikia akiongea utadhani ameteremka Bagamoyo asubuhi hiyohiyo.

"Shikamoo," nikamwambia. "Mimi ndio ile teknishani mpya."

"Marahaba. Ile ni meza. Wewe ni mtu."

"Basi mimi ndio yule teknishani mpya."

"Yule yuko mbali. Wewe umesimama mbele yangu."

"Basi mimi ndio huyu."

"Ndiye."

"Ndiye nani?"

"Wewe!"

Siku ya kwanza sikugusa kifaa hata kimoja, niligusa ngeli tu, nazo zilinishinda. Kwetu bara, jamani, ng'ombe ni "hii", daktari ni "hii", hata mume ni "hii", na maisha yanakwenda.

Lakini kazi alinifundisha, sitamnyima haki yake. Yuko hai, anaishi Mbeya, na najua atalisoma andiko hili akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba pipeti, ile ya kufyonzea matone, inashikwa kama kifaranga: ukibana sana anakufa, ukilegeza anakimbia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka kikombe cha maji ndani ya friza, na maji yakishaganda, kuweka sarafu juu yake. Umeme ukikatika na kurudi wewe hupo, sarafu itakusimulia. Ukiikuta juu, salama. Ukiikuta imezama, jua barafu iliyeyuka ikaganda tena, na friza hilo linakudanganya mchana kweupe. Vijana, sarafu hiyo msiitoe kununulia maandazi. Namjua aliyefanya hivyo, na yeye anajijua.

Kitu ambacho hakukiweza ni neno la Kizungu. Lilikuwa linamkereketa kama mwiba wa samaki. "Hakuna neno lisilo na mwenzake wa Kiswahili," alikuwa akisema. "Likikosekana, ujue halijatafutwa." Mikroskopu ilikuwa hadubini, rijenti ilikuwa kitendanishi, na ile mashine ya kuzungusha damu, ole wako uiite sentrifyuji akiwa mlangoni.

Neno moja lilimtoroka, nalo nusura limvunjie nyumba. Mnakijua kile kipimo cha kisahani chenye vishimo vidogo vidogo, mnachokiita Elaiza. Kinakula siku nzima, huwezi kukiacha katikati. Basi Mwalimu akawa anamuaga mkewe, Bi. Zuhura: "Leo nitachelewa, nina Elaiza." Kesho yake: "Elaiza ya jana imeharibika, leo naianza upya." Kwa Mswahili wa pwani hapo hakuna neno, kwa kuwa mtu hasemwi "imeharibika". Lakini Bi. Zuhura ni Msafwa wa Mbeya, na kwa Msafwa, kama kwa sisi Wanyakyusa, Elaiza inaweza kuharibika na bado ikawa mwanamke.

Akaja maabara na khanga kiunoni. "Yuko wapi Elaiza?"

Mimi, bila kuelewa, nikamwonyesha kisahani mezani. "Hii hapa, mama."

Akakitazama. Akainama akatazama na chini ya meza. "Hii ndiyo inayokuweka mpaka magharibi, Baba Salum?"

"Ndiyo hiyohiyo, mke wangu."

"Lo! Haina hata miguu."

Tulicheka mpaka tukatoka nje. Mwalimu hakucheka. Siku hiyo aliapa mbele yetu kwamba katika maisha yake yaliyobaki hataruhusu tena neno la kigeni lipite mdomoni mwake bila kutafsiriwa. Kiapo hicho kiwekeni mkikumbuke, maana kilitupeleka pabaya.

Miaka ikasonga. Mimi nikahamia Iringa, nikapata watoto, nikaanza kuitwa Mama Lugano, na siku moja nani aje kuongoza maabara ya mradi wetu kama si Mwalimu Athumani, na kamusi zake kwenye boksi. Mradi ulikuwa wa moshi. Wakubwa walitaka kujua moshi wa kuni unawafanya nini watu wanaoshinda nao jikoni na kwenye vilabu vya pombe za kienyeji. Nitawaeleza kama nilivyoelewa mimi. Mwili unapochoma chakula unatoa cheche. Moshi unaongeza cheche. Cheche zikizidi, zinaunguza vitu vya ndani na kuacha alama kwenye damu. Kwa Kizungu hali hiyo inaitwa oksidativu stresi, na sisi tulitakiwa kuipima ile alama.

Sasa ndipo anapoingia sungura. Huko ng'ambo, sungura anachomwa sindano yenye alama hiyo. Mwili wake unaishtukia na kutengeneza askari wa kuikamata, ndio tunaowaita kingamwili. Inatolewa damu yake kidogo, askari wanachujwa, wanaletwa kwetu ndani ya kichupa kifupi kuliko kidole cha mwisho. Kuna kichupa cha pili, cha askari wa mbuzi, ambao kazi yao ni kumtambua sungura na kubeba rangi. Kwa hiyo sungura anaikamata alama, mbuzi anamkamata sungura, na kishimo kinageuka njano. Njano ikikolea, alama ni nyingi. Ikipauka, ni chache.

Mzigo ulishushwa uwanja wa ndege wa Songwe, nami nikatumwa kuufuata. Nikarudi na basi, nimepakata sanduku la barafu kama mtoto mchanga. Mama aliyekaa pembeni yangu akavumilia mpaka Makambako, halafu akashindwa.

"Samahani, mwanangu. Hizo lambalamba ni za ukwaju?"

"Si lambalamba, mama. Ni mambo ya maabara. Kuna sungura humu."

"Sungura! Kwenye kisanduku hicho? Umemkunja?"

"Si yeye mzima. Ni kinga yake tu."

Kosa langu lilikuwa kusema ukweli ndani ya basi. Habari ikaenda mbele hadi kwa dereva, ikatokea dirishani, na tulipofika Nyololo kuna baba mmoja alikimbia sambamba na basi akiwa amening'iniza sungura hai. "Mama! Huyo wako ameshaganda! Chukua huyu wa moto!" Abiria wakanishauri kwa sauti moja nibadilishe. Nilifika Iringa sungura wangu akiwa baridi na mimi nikiwa nimechemka.

Neno la kazi hapa, vijana. Kingamwili ikifika, igaweni siku hiyohiyo kwenye vichupa vidogo vidogo, cha kutosha kazi ya siku moja moja. Msigandishe na kuyeyusha kichupa kilekile kila mara, kinachoka. Wala msikitikise kama mtindi. Pindua taratibu, hasira zako zimalizie kwako.

Kijiji tulichopewa kuanza nacho ni Kalenga. Likahitajika tangazo la kuwaita watu, na Mwalimu akajifungia na kamusi zake. Akatoka akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Msongo wa oksijeni," akasema.

"Mwalimu," nikamwambia, "kwa nini tusiseme kutu? Kwamba mwili unashika kutu ndani. Watu wataelewa."

"Kutu ni ya chuma, Mama Lugano. Binadamu si bati."

"Lakini msongo watu wanajua ni msongo wa mawazo."

"Ndiyo maana nimeweka 'wa oksijeni'. Anayesoma ataona."

Anayesoma! Tangazo lilibandikwa kwenye mti nje ya ofisi ya kijiji, mvua ikapiga, wino wa mstari wa chini ukakimbia, ikabaki: KIPIMO CHA MSONGO. WOTE MNAKARIBISHWA. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mchangamfu kupita kiasi, akaitisha mkutano akawafafanulia wazee kwa Kihehe. Mimi Kihehe changu kinaishia kwenye salamu, "kamwene". Niliona tu watu wanacheka, kina mama wanagongeana mikono na wanaume wengine wanatazama viatu vyao. Baadaye ndipo nilipotafsiriwa alichosema: wamekuja wataalamu na sungura wa kugundua, kwa damu, nani ana stresi nyumbani na nani anamsababishia.

Asubuhi ya kuchukua damu tulitegemea wachache. Tulikuta kijiji. Kina mama wamejipanga toka mlangoni mpaka njia ya kwenda makumbusho ya hapo kijijini. Mmoja amemvuta mumewe kwa mkono wa shati: "Mpimeni huyu kwanza, kila siku anasema ana stresi, tuone ya nini." Babu mmoja alitaka mkwewe apimwe. Bibi harusi mtarajiwa alitaka mchumba apimwe kabla ya tangazo la tatu kanisani. Nikiwaeleza kwamba ni habari ya moshi, wananikonyeza: "Tumeelewa, daktari. Moshi." Nao wanakunja mikono tuwachome sindano.

Bibi mmoja ndiye aliyeuliza maswali ya maana. "Kwa hiyo sungura ndiye anayegundua?"

"Ndiyo, bibi."

"Sawa. Sungura mjanja, tangu hadithi za utotoni tunamjua. Na mbuzi wa nini?"

"Anamtambua sungura."

"Na mbuzi naye anatambuliwa na nani?"

"Na mimi, bibi, kwa macho."

Akanitazama juu mpaka chini. "Haya," akasema, akatoa mkono, ingawa nilimwona kwamba hapo kwenye "macho" imani yake ilipungua.

Tungecheka yakaisha, kama si Yustina. Jina nimelibadilisha, na nyie mkienda Kalenga msianze kuuliza. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mkewe Mzee Kikoti. Nyuma yake walisimama kaka zake wawili kutoka Ilula, wafanyabiashara wa nyanya, wameegesha pikapu yao kwenye kivuli chembamba cha ofisi, ina matenga matupu nyuma.

"Dada yetu analalamika mwaka wa ngapi sijui," kaka mkubwa akaniambia. "Jiko lake lina tundu kwenye bati, mvua inamnyeshea kwenye sufuria. Shemeji kila siku 'kesho, kesho'. Sasa tumekubaliana mbele ya mwenyekiti. Sungura akikuta msongo, tunapakia vyombo vyake humo kwenye matenga, tunarudi naye Ilula. Asipokuta, hatutalizungumza tena."

"Ndugu yangu, kipimo hiki hakiamui ndoa!"

"Nyie pimeni tu."

Mzee Kikoti alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mtu wa kilabuni, wa kukaa na wazee karibu na mapipa ya pombe ya komoni yakichemka, sigara haikauki. Naye alitoa mkono achomwe. Nilipofunga mpira kwenye mkono wake, macho yake yalikuwa kwenye yale matenga. Hapo kicheko kikanitoka chote. Nikamwambia Mwalimu kwenye gari, "Neno lako linakwenda kumtoa mtu kwake."

"Nitawafafanulia siku ya majibu," akasema. Lakini njia nzima hakunisahihisha hata mara moja, nikajua na yeye ameogopa.

Kipimo nilikifanya mwenyewe, mara mbili, kwa mkono uliotulia. Kwa taratibu zetu kila mtu alikuwa ametia saini apewe majibu yake, yeye peke yake. Siku tuliyorudi Kalenga yalikuwa manyunyu ya masika. Nikamwita Yustina kwenye chumba cha nyuma cha ofisi, nikafunga mlango.

"Mama Agnes, kipimo hiki ni cha moshi. Hakipimi mume."

"Najua, dada. Nilikuelewa siku ileile."

"Ulielewa? Sasa mbona umeacha kaka zako waje na pikapu?"

Akachezea ncha ya kitenge chake. "Bati naweza kupigilia mwenyewe. Hata fundi yupo jirani. Mimi nataka aingie. Tangu anioe hajawahi kuingia kwenye lile jiko. Akitaka ugali anakohoa uani. Nilitaka aingie mara moja tu, anione ninavyokaa. Nimemwambia, haingii. Nikasema, labda akiogopa ataingia. Sasa kaka zangu wamelichukua jambo wamelikuza, na mimi sitaki kwenda Ilula. Nikafanye nini Ilula? Damu yangu imesemaje?"

Damu yake, jamani, ilikuwa safi. Vishimo vyake vilipauka, nimepata kuona njano iliyokolea kuliko hiyo kwenye ugali. Na sababu ilikuwa wazi kama jua: tundu. Kila moshi uliotoka kwenye mafiga ulipaa moja kwa moja ukaenda zake mbinguni. Mama wa watu alikuwa amelindwa miaka yote na uvivu wa mumewe.

Nilipomwambia, akaanza kucheka, halafu macho yakajaa maji. "Sasa nitamwambiaje? Akisikia hivi, hataliziba mpaka nife." Nikamwambia majibu ni yake, akitaka ayaseme, asipotaka asiseme. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akafungua mlango.

"Sina," akawaambia watu wote. "Na daktari anasema ni kwa sababu ya lile tundu. Moshi unatokea hapo."

Mnajua kuku anavyoruka akimwagiwa maji? Mzee Kikoti aliruka hivyo. Kofia ikapanda. "Mmesikia! Mmesikia nyie watu wa Ilula! Mlidhani nimesahau bati? Nilikuwa namlinda! Lile tundu ni dawa!"

Kaka zake Yustina wakakataa. Eti sungura amehongwa. Kaka mdogo akasema labda mbuzi hakumwona sungura vizuri. Mwenyekiti akaanza kutafsiri bila kuombwa. Hapo Mwalimu Athumani akapanda juu ya benchi, koti jeupe, mikono juu, na mimi nikasema moyoni, Bwana, tusaidie.

"Ndugu wananchi! Huu si msongo wa mawazo. Ni msongo wa oksijeni!"

"Si ndio huohuo?" akauliza mtu. "Mtu akiwa na mawazo si anakosa hewa?"

Watu wakaitikia, kweli kabisa, anakosa hewa. Mwalimu akatoa leso, akajifuta. "Basi ni kama kutu. Kutu ndani ya mwili."

Mzee Kikoti akamgeukia. "Mke wangu ana kutu? Umesema mke wangu ana kutu?"

"Hapana, mzee, yeye hana..."

"Nani mwenye kutu sasa? Mimi?"

Mwalimu, mtu aliyeapa, mtu wa hadubini na kitendanishi, akatazama mbingu kama anayeaga, akafumba macho, akapiga kelele: "Ni oksidativu stresi!"

Vijana wa nyuma wakalipuka. "Si hiyo sasa! Stresi! Si ndio tulichosema sisi toka mwanzo!"

Mwalimu akashuka kwenye benchi polepole, akaja akasimama karibu yangu. "Mama Lugano," akaninong'oneza, "turudi nyumbani."

Lakini Yustina alikuwa ameshaondoka. "Maharage yangu yako motoni," alisema, akaanza kutembea kwenye manyunyu. Kaka zake wakamfuata, mmoja kwa miguu na mmoja na pikapu mwendo wa jongoo. Mwenyekiti akafuata, nasi tukafuata, kwa sababu sanduku letu la vifaa alikuwa amelibeba mwenyekiti. Mzee Kikoti alitembea nyuma yetu akieleza faida za tundu kwa kila aliyemsikiliza.

Jiko lilikuwa kibanda cha matofali ya udongo nyuma ya nyumba. Yustina akaingia. Tukamsikia akipuliza moto. Kaka mkubwa akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akashusha tenga la kwanza, akaliweka katikati ya uwanja. Halikuwa na utani ndani yake. Mzee Kikoti alipoliona lile tenga aliacha kuongea.

"Tulikubaliana sungura asipokuta hatuzungumzi," akasema kwa sauti ndogo.

"Hatuzungumzi," kaka mkubwa akajibu. "Tunamsubiri atuambie mwenyewe."

Kutoka ndani Yustina akasema, bila kupaza sauti, "Baba Agnes. Huyo sungura amepima moshi. Mvua hakupima."

Mzee alisimama pale uwanjani. Akakohoa, kile kikohozi chake cha kuitia ugali. Hakuna aliyetoka. Akakohoa tena. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mwalimu na sikujua nimeushika tangu lini. Basi mzee akainama, maana mlango ni mfupi, akaingia jikoni.

Alikaa humo muda. Hatukusikia maneno, tulisikia tu matone yakigonga sufuria, ti, ti, ti. Ukitazama kwa mlangoni ungemwona ameegemea ukuta, maji yanamdondokea begani, anamwangalia mkewe alivyokaa kwenye kigoda: kiroba cha plastiki kichwani, mfuniko umeshikwa juu ya sufuria kwa mkono wa kushoto, mwiko kwenye wa kulia. Bila shaka ndivyo alivyopika masika yote ya ndoa yao.

Alipotoa kichwa nje, kofia imelowa, alikuwa anajifuta macho kwa kiganja.

"Shemeji," kaka mdogo akamwambia, "unalia?"

"Ni moshi," akasema.

Yustina hakugeuka, alikuwa anakoroga maharage. "Moshi gani, Baba Agnes? Si umewatangazia watu wote kwamba unatokea kwenye tundu?"

Mzee Kikoti akavua koti lake, akarudi ndani, akalitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mkewe na sufuria yake, akabaki amelishikilia hivyohivyo mpaka maharage yakaiva. Kaka zake Yustina wakala, wakarudi Ilula na matenga matupu.